Bakuli la Maji Juu ya Meza ya Pool

Harufu ya kitambaa kilicholoa ndiyo inayonirudisha Lufingo, na kwa kweli siku hizi sina hata nguvu za kurudishwa. Nikianua sare za watoto ambazo hazijakauka, maana mvua yetu ya Rungwe ikianza haina adabu, ule unyevu ukinigonga pua naiona meza ya pool ya Bi Zaina, imesimama kwenye kibanda cha mabati nyuma ya duka lake, kitambaa chake cha kijani kimefifia katikati kama goti la suruali ya shule. Kibanda hakikuwa na sakafu. Ilikuwa ardhi tupu, nyeusi na laini, na kila mvua iliponyesha mguu mmoja wa meza, ule wa upande wa bondeni, ulizama kidogo. Kwa nini hakumwaga zege, msiniulize mimi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na sikuwahi kuona meza nyingine.

Aliyenifundisha ni mjomba Ambakisye, kaka yake mama, mfanyakazi wa kiwanda cha chai. Akitoka zamu alipitia dukani na nguo zake zikinuka majani mabichi, akaketi kwenye kreti la soda na kuniangalia. Bi Zaina, ambaye babu yake alitoka pwani akiuza vitambaa na hakurudi tena, alituachia meza mchana kabla wateja hawajaanza kuja. "Nimechoka na hawa wanaume wanaojisifu humu ndani," alimwambia mjomba. "Mfundishe huyo mtoto awatoe jasho, nami nicheke kabla sijafa." Mjomba hakuwa mchezaji hodari kupita wote, na msimu ule hata fimbo hakushika kwa sababu bega lilimuuma. Kipaji chake kilikuwa kingine. Alikuwa anajua kumchagulia mtu mazoezi. Vijana walimjia wakilalamika kwamba wanafungwa kila siku, akawatazama wakipiga mipira miwili mitatu, kisha akamwambia huyu afanye hiki tu wiki nzima, na yule afanye kile. Walikuwa wananuna, lakini baada ya wiki walirudi wakicheka.

Mimi alinipa mazoezi matatu. La kwanza, kuingiza mpira kwenye shimo huku ule mweupe ukibaki pale pale ulipogonga. La pili, kupanga mipira kuuzunguka ule mweupe na kuiingiza mmoja mmoja bila kugusa ukingo. La tatu tuliliita la mbali: mpira unasafiri kando ya ukingo, kutoka mwisho mmoja wa meza hadi shimo la pembeni upande wa pili. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba kila siku nichague lile lililonishinda jana. "Zoezi unalolipenda limeshakufundisha, mpwa wangu," alisema kwa Kiswahili chake kizito cha kijijini. "Achana nalo. Chagua linalokukera." Na kabla ya zoezi lolote, bakuli. Lilikuwa bakuli la bati la Bi Zaina, lenye mstari ndani yake. Unalijaza maji hadi kwenye mstari, unaliweka katikati ya meza, na maji yakilala upande mmoja unaingia chini, unapachika vibao kwenye ule mguu mpaka yatulie sawa. Wiki za kwanza tulifanya pamoja. Zamu yake ilipobadilika akawa anachelewa, akaniachia kazi hiyo.

Mama hakutaka kabisa. Alikuwa mwanakwaya, na mtoto wa kike kuinamia meza ya pool ilikuwa aibu aliyoimeza kwa shida. Baada ya mjomba kumbembeleza sana, akakubali kwa sharti. Wakati wa likizo ya Pasaka kulikuwa na mashindano ya watoto ukumbini Tukuyu. "Mchezo mmoja tu, Bupe," aliniambia. "Ukishinda, nitanyamaza. Ukifungwa, fimbo unaiweka chini, na sitaki kuisikia tena nyumbani kwangu." Jamani, niliutaka ule ushindi mpaka usingizi ukapungua. Shuleni nilikuwa wa mwisho mwisho, nyumbani nilikuwa wa kuteka maji. Kwenye kibanda kile tu ndipo nilipokuwa mtu.

Siku moja mvua ilinyesha vibaya. Nilitazama lile tope chini ya meza, nikatazama gauni langu, uvivu ukanishika. Nikasema acha nipige la mbali kidogo tu, nitapima baadaye. Lo! Mpira uliteremka, ukauegemea ukingo, ukatembea nao taratibu na kutumbukia wenyewe. Nikarudia, ukaingia. Nikarudia tena. Zoezi lililokuwa limenitesa mwezi mzima! Mjomba akatokea mlangoni akichuruzika maji, akaniona nikiingiza mara tatu mfululizo, akapiga makofi. Mjomba, ambaye hakuwa na tabia ya kumsifia mtu! Kisha akauliza, "Umepima maji?"

"Nimepima," nikasema.

Basi, ndiyo hiyo tu. Tangu siku ile bakuli lilikaa kavu chini ya kaunta, na mimi nikawa nachagua la mbali kila siku, nikingoja makofi. Mteremko wenyewe ulikuwa mdogo, macho yasingeweza kuuona, na wateja wa jioni walishauzoea. Bi Zaina aliniuliza mara moja mbona silichukui bakuli lake. Nikamjibu kwamba mguu umeshakaa sawa.

Ukumbi wa Tukuyu ulikuwa na sakafu ya saruji. Nilipangiwa mvulana wa Msasani, mtaa wa hapo hapo Tukuyu, aliyevaa shati la kaka yake, na tulicheza vizuri, tukafika wote kwenye mpira mweusi, ule wa mwisho unaoamua mshindi. Ulikuwa umekaa kando ya ukingo, la mbali kabisa. Nilisikia watu wa kwetu wakinong'ona kwamba nimemaliza. Nilipiga kama nilivyozoea, nikiuacha mpira mbali kidogo na ukingo ili uteremke. Haukuteremka. Ulikwenda pale pale nilipoutuma, ukagonga mdomo wa shimo ukasimama. Yule mvulana akausukuma ndani bila hata kuinama vizuri.

Mama alikuwa mlangoni na mwavuli wake. Mjomba akamwendea kabla yangu. "Mama Bupe, usimlaumu mtoto," alisema. "Kosa ni langu. Nilichagua mazoezi vibaya." Nilikuwa hatua mbili nyuma yake, chaki imeniganda vidoleni, na nilikuwa na mdomo. Nikaifuta chaki kwenye gauni langu.

Fimbo niliiweka chini, mama akashikilia sharti lake na mimi nikalitii. Ningeweza kulizoea hilo. Lakini vijana waliendelea kumfuata mjomba, na yeye akawa anawarudisha. "Nilimharibu mtoto wa dada yangu, nitawaharibu na wa watu?" Bi Zaina alimgombeza, akamwita mwenye kudeka, akamtishia kumnyima chai. Wapi! Hakumchagulia mtu zoezi tena maishani mwake, na meza ile ikaozea pale pale mguu wake ukiwa kwenye tope.

Sasa mimi ni mwalimu Msasani, miguu inavimba kwa kusimama, na jioni nataka kukaa tu nisiulizwe kitu. Mwanangu wa kwanza anacheza pool mjini, kwenye meza zilizosimama juu ya vigae, na hakuna anayemkataza. Simu yake ina mazoezi kama mia, ya watu wa nchi nisizozijua. "Mama, nianze na lipi?" aliniuliza juzi. Nikamwambia aanze na linalomkera, akanitazama kana kwamba nimetoa uganga. Sisi tulikuwa na mazoezi matatu na mtu wa kutuchagulia. Wao wanayo mia, na yule aliyejua kuchagua yuko Lufingo, saa moja tu kutoka hapa, ananyamaza kwa sababu yangu.

Jumapili iliyopita nilimpelekea sukari. Amezeeka, macho yamefifia, na sahani ya ndizi ilikuwa mbele yake. Baada ya shikamoo na marahaba, alianza kama anavyoanza kila ninapokwenda. "Mpwa wangu, lile la mbali. Ningekuzuia usilirudie rudie. Mama yako angekuacha ucheze. Nisamehe." Huwa namwambia yameisha. Safari hii nilikuwa nimekusudia, nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima: mjomba, sikupima maji. Nikafungua mdomo. Mvua ikaanza kugonga bati.

"Kula mjomba," nikasema, "ndizi zinapoa."

"Ndaga, mpwa wangu," akashukuru, akavuta sahani karibu na kuanza kula.