Pilau Mbili, Mzee Hayupo

Kabla hamjaisikia kwa Baba Kareni acheni niwape mwenyewe, maana yeye akiisimulia ananitoa vibaya, na kibaya zaidi hatosema uongo hata kidogo.

Mtaani kwetu Tabata tulikuwaga na grupu moja la majirani kwenye simu, kalifungua yeye. Siku moja akaniandikia mbele za watu, "Dada Zuhura, punguza vimeseji vya sauti, kimoja kirefu kama hotuba ya bajeti." Mie nikanuna (nikinuna mie hata kuku wa jirani hawatagi), nikajitoa, nikafungua la kwangu, jina lilelile, picha ileile, nikavuta watu. Nusu wakaja, nusu wakabaki, wengine wakakaa kote kote na hawasomi popote.

Sasa Mzee Mkwera, mchonga vinyago wetu, anaishi peke yake, akafanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho. Jumamosi asubuhi anatoka hospitali. Nilimwambia kwa mdomo wangu, "Mzee, tutakuja kukuchukua." Yeye ana simu ya kitochi, hayumo grupu lolote. Kwangu tukajadili tukakubaliana: wale wa Baba Kareni wana gari, watamfuata, sie tupike. Kule kwake nao wakajadili: Zuhura ndo kaahidi, watamfuata wao, sie tupike. Kuulizana hakuna, si tumenuniana.

Saa nane mlangoni kwa mzee pana turubai, masufuria mawili ya pilau ya kulisha jeshi, spika mbili zinagombana, na mie na kanga mpya nimeshika maiki, "Mzee wetu, karibu nyumbani, mtaa mzima unakupenda..." Kiti kitupu.

"Mzee yuko wapi?" Baba Kareni akauliza.

"Si nyie mmemfuata?"

"Sie? Sie pilau."

"Na sie pilau."

Maiki iko wazi, nadhani mpaka Kurasini walisikia. Mama mmoja akacheka, halafu akaenda kuzima spika zote mbili.

Tukaingia kwenye gari mie na Baba Kareni, mbio hospitali. Tukamkuta benchi la nje, jicho limefunikwa, kifurushi mapajani, toka asubuhi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Zuhura huyo?" Akatabasamu. "Kila nikisikia viatu nasema ndo hao. Vikipita, nasema basi, wanakuja wengine."

Angenitukana ningepona haraka. Akanyoosha mkono nikaushika, Baba Kareni akashika wa pili. Mzee akapapasa vidole vyetu.

"Watu wawili kumchukua mzee mmoja? Nyie mnanidekeza."

Grupu langu nililifuta humohumo garini. Ila siapi kuhusu magrupu, hayo watu watafungua tu. Ninachoapa ni hiki: nikishamwambia mtu nakuja kukuchukua, nakwenda mie, kwa miguu hii, hata kama mtaa mzima umesema utakwenda.