Sharp Si Ndiyo

Jumatano ile siisahau, mwanangu, hata nikizeeka nikasahau jina langu. Nilikuwa kijana muuza vitambaa duka moja la Turffontein, na nilikuwa nagombea uenyekiti wa jumuiya yetu ya Waswahili hapa Johannesburg. Domo nilikuwa nalo, we acha tu! Mtu akiniomba jambo, nami namnyanyulia dole gumba kama wenyeji: "Sharp, sharp!" Kwangu maana yake ilikuwa nimekusikia. Wao waliisikia ndiyo.

Basi akaja dukani Bi Zuwena, mjane wa Tanga aliyekuwa akiuza bajia Newtown, na kadi za nikahi ya bintiye wa pekee. Zilikwishafika mpaka nyumbani Tanga. Jumamosi, ukumbi wa jumuiya, kama nilivyomkubalia. Lahaula! Ufunguo wa ukumbi nilikuwa nautunza mimi, na kwa Jumamosi ile ile nilikuwa nimempa Mama Neema, Mrundi, kwa sherehe ya ubatizo wa wajukuu wake. Unadhani nilisema nini? "Sharp, mama." Akatoka anapiga vigelegele.

Nyuma yangu alikuwa ameketi Mzee Kanji, baba wa mwenye duka. Mhindi yule alizaliwa Tanga, Kiswahili chake kikinishinda mimi, ila ujana wake wote aliumalizia Gujarati kwenye siasa. Alikuwa mbunge, si wa bunge kubwa la Delhi, la jimbo lake tu. Alijua nimedanganya, maana ufunguo nilimpa Mama Neema mbele yake.

"Kijana," akaniambia, "mimi ubunge nilivuliwa na kichwa hiki."

Akakitikisa, kushoto kulia, kama wafanyavyo kwao. Maana yake, nasikiliza, endelea. Wanawake wa kijiji kimoja walimwomba kisima, naye akatikisa. Wakajua wamepata. Miaka mitano wakabeba mitungi wakimngoja. Uchaguzi uliporudi akaenda kuomba kura.

"Hawakunitukana," akasema. "Wote walinitikisia kichwa."

Akaanguka chali. Kesho yake alirudi kijijini bila gari la chama, akakaa nao chini, akawaambia kwa mdomo: hili naliweza, hili siliwezi. Uchaguzi uliofuata walimrudisha, na uliofuata tena.

"Nenda sasa hivi," akanifukuza, "kabla chai yangu haijapoa."

Nilimfuata Bi Zuwena mpaka Newtown. Nikamwambia yote. Alilia, mwanangu, na machozi yale yaliniuma kuliko matusi. Kisha matusi nayo yakaja. "Mwana kidomodomo we! Si ungesema mapema?" Akajifunga kanga kiunoni, akaniburuta kwa Mama Neema. Yule mama akacheka mpaka akakaa chini. "Eish! Sisi asubuhi tuko kanisani. Ozesheni asubuhi, mtuachie jioni." Ikawa hivyo. Na bajia za nikahi zikaliwa mpaka kwenye ubatizo, hakuna aliyejali za nani.

Nilipokwenda kumwomba Bi Zuwena kura, alininyanyulia dole gumba. "Sharp, mwanangu!" Kura yake sikuiona, na uenyekiti nikaukosa. Haki yangu ile, mshika mbili moja humponyoka, na mimi zilinitoka zote. Uenyekiti niliupata baadaye sana, na aliyenipendekeza ni yeye. Alisimama akasema, "Huyu siku hizi anajua kukataa."

Sasa nasikia nawe wagombea uongozi chuoni. Nimefurahi, wallahi. Ulimi hauna mfupa, lakini wapigao vigelegele kwa neno lako wana binti wa kuozesha. Lisilowezekana liseme mapema, ukimtazama mtu usoni, naye apate muda wa kujitafutia njia. Atakununia siku mbili, halafu atakuamini miaka.

Mola akupe ulimi mzito wa kuahidi na miguu myepesi ya kutimiza. Wakikukataa, wakukatae kwa ukweli wako. Haya, nenda. Na usinijibu sharp.