Toba Niliyomlazimisha

Namshukuru Mungu kwa miaka niliyokuwa muuguzi katika wodi ya akina mama huko Kitale. Wengi walipona mikononi mwetu. Lakini yuko mama mmoja ambaye kila ninapoomba msamaha wa dhambi zangu, namkumbuka kwanza yeye.

Alitoka kijijini upande wa Bungoma, si mbali na kwetu. Moyo wake uliharibiwa na homa ya viungo utotoni, na sasa, mwishoni mwa miaka ya themanini, ulikuwa umechoka kusukuma damu. Alilala ameegemea mito mitatu, maana akilala chali pumzi ilimkatika. Ukimbonyeza mguu kwa kidole gumba, shimo lilibaki. Tulimpa vidonge vya kupunguza maji na chakula kisicho na chumvi, kwa kuwa chumvi huyashika maji mwilini na kuuongezea moyo mzigo. Kila asubuhi kabla ya chai nilimpima uzito na kuhesabu mapigo yake kwa dakika nzima. Baada ya wiki mbili uvimbe uliisha.

"Nyumbani chumvi ni mwiko," nilimwambia.

"Nimesikia, sista."

Alirudi baada ya mwezi, amevimba hadi tumboni. Tukamtibu, akaenda, akarudi mara ya tatu. Kwangu jambo lilikuwa wazi. Vidonge alimeza, kwa kuwa nilivihesabu vilivyobaki. Hospitalini uvimbe unaisha, nyumbani unarudi. Basi anakula chumvi na kunidanganya.

"Mama, chumvi unakula."

"Sista, haki ya Mungu niliacha. Watoto wanapikiwa sufuria yao, mimi yangu."

"Usimtaje Mungu katika uongo."

Mgonjwa wa kitanda cha pili akaangua kicheko. "Si useme tu, bana! Ati chumvi ni bangi, utashikwa?"

Wodi nzima ikacheka. Yeye akavuta shuka hadi kidevuni. Hapo ningemwuliza wanapikaje kwao, sufuria moja baada ya nyingine. Badala yake nilipiga magoti kando ya kitanda, nikamshika mkono, nikaomba kwa machozi Bwana amtoe roho ya uongo. Niliomba kwa muda mrefu. Nilipofumbua macho alikuwa ananitazama.

"Ni kweli, sista," akasema polepole. "Nilikula kidogo. Nimetubu."

Nilifurahi sana. Nikaandika katika faili yake kwamba amekiri na ameshauriwa. Tangu hapo hakuna aliyetafuta sababu nyingine.

Nilipokwenda likizo nilipita kwake kumjulia hali. Alikuwa ameketi kwenye mlango wa jikoni, miguu imevimba tena, akipumzika katikati ya kila sentensi. Wifi yake alikuwa akimpikia kunde katika ile sufuria yake. Mbele ya macho yangu akatumbukiza kipande cheupe.

"Hiyo ni nini?"

"Magadi, sista. Kwani kwenu kunde mnalainisha na nini?"

Kwetu tulilainisha kwa magadi. Jana yake tu nilikuwa nimekula kwa mama yangu. Yaliuzwa mbali na chumvi, yakaitwa kwa jina lake, na si mimi wala yeye aliyewahi kuyahesabu kuwa chumvi. Lakini huyashika maji mwilini vilevile. Nikawaeleza, na wifi yake akaimwaga ile mboga.

Mama akanigeukia. "Kwa hivyo sikudanganya?"

"Hukudanganya."

"Basi, sista, ile toba yangu nirudishie. Nitaitumia siku nikikosa kweli."

Wifi yake akacheka, nami nikacheka. Nilijua ananidai neno gani, na lilikuwa mdomoni. Lakini majirani walikuwa wamefika kumwona sista wa hospitali, nami nikaona aibu kuomba msamaha mbele yao. Nikamwambia tu asisahau vidonge, nikaaga.

Uvimbe ulipungua. Kwa karibu miaka miwili hakurudi wodini, na kwa hilo namshukuru Mungu. Wauguzi vijana niliwafundisha wasimwambie mgonjwa aache chumvi tu, bali waulize kila kinachoingia katika chungu. Walinisifu. Sikuwaambia nilijifunza wapi.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini moyo wake ulishindwa kabisa. Nilikwenda kwenye mazishi. Katika watu wa kwao walikuwamo waliowahi kumtembelea wodini na kusikia kwamba alikiri uongo. Mchungaji akaniita niseme machache. Nikasimama mbele yao wote, watoto wake wamekaa mbele kabisa. Nikasema alikuwa mgonjwa mvumilivu na alipenda maombi. Wakaitikia amina, nikarudi kuketi.