Maji ya Kuotesha Jino

Zamani niliamini kabisa kwamba ukinywa maji yaliyooshewa dhahabu, utaota jino la dhahabu. Juzi, hapa Kasongo, nilipomwona daktari akimvika jirani yangu jino, nilikumbuka alasiri moja ya Kabambare. Jino langu la mbele lilikuwa limekatika nikivunja kwa meno mbegu za ngazi, yaani za mchikichi, na wenzangu waliniita Pengo. Basi nikainama mtoni, makarai ya wachimbaji wa dhahabu yakikwaruza mchanga, nikanywa maji mekundu yanayonuka tope hadi mto ukakaribia kukauka.

Baba mdogo, mwenye jino la dhahabu, alinikuta tumbo limenitangulia.

"Weye mutoto, iko nini?"

"Naotesha jino kama lako, baba mudogo."

Alicheka mpaka akaketi. "Langu halikuota. Lilivunjika, munganga wa meno akalichonga, akalifunika kofia ya dhahabu. Lile la zamani iko mule ndani."