Nilivyozima taa kwenye PET scan ya muwa

Wakuu, salaam kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe na chumvi siongezi, maana habari yenyewe ni ya sukari.

Mimi ni mtu wa Mahajanga, Madagaska, ukoo wetu Wangazija. Kiswahili nilikipatia chuo Dar, kwa hiyo mnivumilie.

Baba alikuwa mpishi wa sukari kiwanda cha Dzamandzar, kule kisiwani Nosy Be, mpaka kilipofungwa. Akahamia kwetu Mahajanga, na macho yakaanza kupoteza nuru.

Nilipopata mafunzo ya miezi mitatu kwenye maabara ya mimea Ulaya, nikamwahidi jambo moja: nitamletea picha ya sukari ikitembea ndani ya muwa ulio hai. Yeye sukari aliijua ikishafika kiwandani tu.

Ngoja nieleze kidogo. PET scan ni ile mashine ya kutafutia saratani. Kwa mmea, jani linafungiwa kwenye kiboksi cha plastiki angavu, linapewa hewa ya ukaa yenye mionzi kidogo. Likiwa na mwanga linaigeuza kuwa sukari, na mashine inafuatilia sukari inakokwenda. Shida ni kwamba kila dakika ishirini nusu ya ile mionzi inakuwa imekwisha.

Ilikuwa wiki yangu ya mwisho, zamu yangu ya mwisho. Tukauweka muwa, tukawasha taa yake kwa swichi ya mlangoni, tukaenda chumba cha kompyuta. Mimi nilitoka wa mwisho.

Skrini ikabaki nyeusi. Jani halikuvuta kitu.

Mama aliyetusimamia akaanza kukagua mabomba ya gesi, wenzangu wakahangaika na valvu. Mimi nikajua. Wakati natoka, mkono wangu ulikuwa umepitia ile swichi.

Kwetu umeme ni ghali, na Baba alitulea hivyo: anayetoka wa mwisho anazima taa.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nilitamani kunyamaza, lawama zibaki kwenye bomba. Nikasema, "Ni mimi. Nimezima taa."

Yule mama akawapigia simu wanaotengeneza ile gesi. Walikuwa ndio wanafunga. Wakakubali kututengenezea mara moja zaidi.

Safari hii nikaiona. Mstari wa mwanga ukatoka kwenye jani, ukaingia kwenye shina, ukashuka kuelekea mizizini, saa nzima.

Nilipofika Mahajanga nikampa Baba simu yenye ile picha aangalie. Akaifuta kwa ncha ya shati, akaisogeza usoni, akaifuta tena. Hapo nikaelewa kuwa nimechelewa. Roho iliniuma sana, wakuu.

Akasema, "Nionyeshe kwa kidole changu."

Nikakishika kidole chake, nikakipitisha juu ya kioo, kutoka kwenye jani kwenda chini.

"Ilikwenda kasi hivyo?"

"Hapana, Baba. Ilichukua saa nzima."

"Basi nenda taratibu. Mimi sina haraka."

Tukaanza upya kwenye jani.

Nilichojifunza: ukiharibu, sema mapema, kabla wenye kukusaidia hawajafunga. Na mzazi ukimwahidi kitu cha kuona, usikawie.

Nyie wenye wazazi wasioona, mnawaonyeshaje mambo yenu? Nasoma kila jibu.

Siku ile nilipokuwa natoka chumbani mwake, Baba aliniambia nizime taa.