Taa za Tishari Zilizolala Kibaha

Kidawa alimfahamu Lucian kwa ubishi. Mwanamume mrefu, viganja vimechunwa na kamba, aliingia dukani kwake Maili Moja, Kibaha, akataka taa za sola: nyekundu, kijani na nyeupe. Kidawa alianza maisha akiuza betri za tochi juu ya gunia. Akampima mteja kwa jicho moja. Mtu anayetaja rangi kabla ya bei, huyo ni wa kuuziwa ghali.

"Chukua hizi, kaka yangu. Huko Masaki ya Kisarawe wanamulikia mabanda ya kuku."

"Mimi sina kuku, dada. Nina tishari."

Ikabidi amweleze. Alikuwa baharia kwenye tagi, ile boti fupi yenye nguvu za punda, inayokokota tishari la saruji na nondo kupeleka Mafia. Tishari lenyewe halina injini wala mtu. Ni sinia la chuma linalofuata mbali nyuma, mwisho wa kamba ya chuma. Usiku mwenye boti ndogo huona taa za tagi, huiacha ipite, halafu hukata nyuma yake akidhani njia ni nyeupe. Hapo hukutana na kamba. Akiponea kamba, tishari linamjia.

"Kwa hiyo nalo liwe na taa zake," alisema Lucian. "Nyekundu kushoto, kijani kulia, nyeupe nyuma. Na hizi za ubavuni ziwe na kizuizi, rangi isivuje upande wa mwenzake. Mtu akiiona ajue anatazama ubavu gani."

Kidawa alizitafuta hadi akazipata, na bei hakushusha. Lucian alilipa huku akiguna, ila akawa mteja.

Tatizo lilikuwa gatini. Taa ya sola ukiiacha juu ya tishari, kesho unaikuta inamulika kibanda cha chipsi. Kwa hiyo kila safari ilipokwisha, Lucian alizifungua zote, akazitia kwenye salfeti, gunia la nailoni, akapanda nazo basi hadi nyumbani kwake Picha ya Ndege, Kibaha, na kuzisukuma chini ya kitanda. Tajiri mwenye tagi alijua na aliridhika, maana hakuwa ananunua nyingine. Pale mtaani walimwita Baba Taa.

"Unalala na taa, baba," Kidawa alimtania siku moja. "Mkeo je, naye umemfunga kizuizi?"

"Mke wangu hahitaji sola, dada. Anawaka mwenyewe."

Kisha mama mzazi wa Genoveva, yule mke wa Lucian, akafariki kwao Masaki, Kisarawe. Mkwe hazikwi kwa simu. Lucian alimuaga tajiri, wakakubaliana safari ingojee amalize matanga, akafunga mlango na kuondoka na ufunguo mfukoni.

Wako bado kwenye turubai, simu ikaita. Mzigo umekamilika, tagi inatoka leo. Lucian aliomba wamngoje, akadandia bodaboda hadi Kibaha, akabeba salfeti, akashika njia ya mjini. Alifika gatini jua linazama. Pale tishari lilipokuwa limefungwa palikuwa na maji matupu. Alipiga simu hadi mtandao ukakata. Mlinzi alimwambia aende akalale; usiku mmoja bila taa hauui mtu.

Uliua. Jabiri, kijana aliyekuwa akirudisha boti ya fiber kwao Mafia, aliona taa za tagi, akaiacha ipite, akakata nyuma. Maiti yake iliokotwa siku iliyofuata.

Tajiri alikuwa mwepesi wa ulimi. Aliwaambia wachunguzi kwamba taa zilikuwapo na ziliwashwa, ila zilikuwa feki, zikazima njiani. Zilinunuliwa Kibaha, kwa Kidawa. Taa zikizima zenyewe, hiyo ni ajali ya Mungu na tajiri hana la kulipa. Maneno hayo yalifika Maili Moja kabla ya magazeti. Mteja mmoja alirudisha hata kandili ya mafuta.

Kidawa alifunga duka, akanunua sukari na mchele, maana huendi kwenye msiba mikono mitupu, hasa ukiwa na shida yako. Akapanda bodaboda hadi Masaki.

"Poleni na msiba."

"Tumeshapoa, dada. Karibu."

Hakuzunguka. "Kaka Lucian, taa zangu zilizima?"

"Taa zako ziko kwenye salfeti, pale ndani. Nilirudi nazo huku usiku ule ule."

"Basi kaseme hivyo. Niambie unataka nini, tuelewane."

Genoveva, kaniki bado mwilini, alisimama katikati yao. "Mimi nakwambia anachotaka. Tajiri kamwahidi unahodha akisema zilizima. Akisema zilikuwa kwetu, kazi imekwisha, na wachunguzi wataambiwa aliziiba. Duka lako litapona, dada. Watoto wangu watakula vizuizi?"

Kidawa aliweka sukari na mchele miguuni pake.

Lucian akamuuliza Kidawa, "Huyo Jabiri ana familia?"

"Ana mke. Mwanaamina, nasikia. Ana mimba."

"Nikisema zilizima, hapati kitu."

"Hapati."

"Lucian!" alisema Genoveva.

"Mama yako tumemzika sote," alimjibu. "Huyu mwenzako amezika peke yake."

Akainuka kutafuta viatu.

Alisema yote, salfeti mbele ya wachunguzi. Tajiri, kama Genoveva alivyotabiri, akadai taa zilikuwa za wizi, na Lucian akalala mahabusu mpaka paroko alipomdhamini. Kesi hiyo ya wizi ilikufa yenyewe. Tajiri alilazimika kumlipa Mwanaamina, kisha akapaka tagi rangi mpya na kurudi baharini. Lucian hakuna chombo kilichomchukua tena. Mabaharia humkimbia aliyesema mbele ya wachunguzi kama wanavyomkimbia mwenye ndui. Nyumba ya Picha ya Ndege ilipangishwa. Siku hizi anachoma mkaa Masaki kwa wakweze, na Genoveva huzungumza naye ya chumvi na maji tu.

Jina la duka lilirudi, tena lilizidi. Wenye matishari waliposikia taa za Kidawa hazikuwa na kosa, walimfuata. Hata yule tajiri alikuja. Kidawa alimuuzia, kwa bei ya kumkomoa, lakini alimuuzia.

Mkaa anaununua kwa Lucian, bei ile ile anayowapa wengine. Safari moja, wakipakia magunia, alimwambia nani alikuja dukani.

Lucian aliliachia gunia, mikono yake myeusi ikaning'inia. Kidawa alijiandaa kutukanwa.

"Umempa zenye kizuizi?"

"Nimempa."

"Na ya nyuma?"

"Na ya nyuma."

"Nani anazifunga?"

"Sijui, kaka. Sikumuuliza."

Lucian akainamia gunia jingine, akaendelea kushona mdomo wake.