Kwenda Mwenga Kuhesabu Mababu

Nilitoka Bukavu kwenda Mwenga kwa sababu nilitaka kuoa, na kwetu sisi Warega mtu haoi kabla mababu zake hawajahesabiwa. Furaha alikuwa mshonaji pale Kadutu, mtaa wa Bukavu, mtu wa Mwenga kama mimi, lakini wa ukoo mwingine. Kanisa halikuwa na neno juu yetu. Mwenye neno alikuwa ukoo: kama mababu zangu na zake wanakutana mahali popote, hata kule juu ambako hakuna aliye hai anayekumbuka sura ya mtu, ndoa hakuna. Baba yangu alifariki kabla hajanifundisha majina hayo. Ilibidi nikayapokee kijijini kwa kaka yake mkubwa, Papa Kyanga, mbele ya shahidi wa upande wa Furaha.

Ningekwenda na moyo mwepesi kama si kazi yangu. Nilikuwa msaidizi wa Padri Anselmi, Mbelgiji mmoja mpole, msomi wa Kiebrania, aliyekuwa akiandika juu ya wafalme wa Yuda katika nyumba ya mapadri kule Nyalukemba. Alinipa kazi ya kupitia Vitabu vya Wafalme na kumwandika kila mfalme pamoja na mama yake. Maana yule mwandishi wa kale ana desturi yake: kila mfalme mpya wa Yuda anapokalia kiti, anamtaja na mama aliyemzaa. Hata mfalme mwovu kupita wote ana mama mwenye jina. Wawili tu hawana: Yoramu na Ahazi. Padri alisema mnakili alisinzia. Mimi sikukubali. Mtu anayekumbuka mama za watu wote hawezi kuwasahau wawili hivi hivi. Jambo hilo lilinikaa rohoni kama mwiba wa samaki kooni, nikawa nalo mezani, nalo kanisani, nalo hata nikiwa na Furaha.

“Mama ya Ahazi iko inakusumbua kuliko mama yangu,” Furaha aliniambia siku moja, na mama yake kweli hakuwa mtu rahisi.

Asubuhi ya kuondoka nilipanda lori la mfanyabiashara lililokuwa likipeleka chumvi na vitambaa Kamituga na kurudi na mawese. Shahidi alikwisha kaa juu ya magunia: Tonton Wilondja, mdogo wa baba yake Furaha, fundi viatu, mnene, mwenye kofia ya kizungu asiyoivua hata akilala. Nilimsalimu kwa heshima zote. Mtu huyu alikuwa na uwezo wa kunivunjia ndoa kwa neno moja, naye alijua.

“Mwalimu,” akasema, “umeleta kitu ya kula, ao umeleta Biblia tu?”

Nilikuwa nimeleta vyote viwili. Ndizi alizimaliza kabla hatujaiacha Bukavu nyuma yetu.

Walungu tulifika jua likiwa limepanda. Mashamba ya maharagwe yalitambaa mpaka juu ya vilima, na wanawake wa Kishi, wenyeji wa huko, walipita na mizigo mgongoni, kamba ikiwa imekaza paji la uso. Dereva alishuka kumtafuta mtu wa kumuuzia chumvi. Abiria wengine walinyoosha miguu. Mimi nilizunguka lori mara sijui ngapi, nikipanga mbinu. Nilijiapiza kwamba Papa Kyanga akianza kuhesabu, sitaliacha jina lipite bila kulishika. Nilikuwa nimefundishwa kazi hiyo. Nilijua kwamba katika majina ya kale “mwana wa” mara nyingine ni mjukuu, kwamba vizazi hurukwa, kwamba palipo laini sana pamepigwa randa. Nilidhani elimu hiyo ni ngao yangu. Nitaoa kwa haki, nilisema moyoni, na hakuna atakayekuja miaka kumi baadaye kuniambia mke wako ni dada yako.

Baada ya Burhale barabara ilianza kuteremka kuelekea msituni, na mvua ikatukuta. Pale chini kulikuwa na mti uliolazwa kukata njia: mvua ikinyesha, lori halipiti mpaka udongo ukauke. Tukakaa. Wenzangu walicheza karata chini ya turubai. Nilimuuliza mlinzi wa kizuizi kama njia imekauka, akasema bado. Nikamuuliza tena.

“Papa,” mlinzi akamwambia Tonton, “huyu kijana iko na mugonjwa?”

“Iko na muchumba,” Tonton akajibu, na turubai zima likacheka.

Ndipo akanisogelea akanipa karanga. “Sikia, mukwe. Mambo ya mababu haiko mutihani ya masomo. Batasema, utarudilia, tutakunywa, tutarudi. Usikuye kutafuta matata mahali haiko.”

Nilimshukuru kwa karanga. Maneno yake niliyaona ya mtu mvivu.

Mwenga tulifika siku ya pili, tukaacha lori na kwenda kwa miguu, njia ikipanda na kushuka kati ya migomba na miti mirefu. Papa Kyanga alitupokea kwa kikohozi na matusi ya upendo. Aliwahi kuchimba dhahabu, na vidole viwili vilikuwa havikunjiki tena.

“Angalia huyu!” alimwambia Tonton. “Huyu njo mutoto ya mudogo yangu. Hajui nkambo yake, babu yake, ni nani, lakini anajua nkambo ya Daudi!”

Kesho yake asubuhi tuliingia lusu, nyumba ya wanaume, na wazee wa pande zote mbili wakaketi wakitazamana. Utaratibu ni huu: mzee hutaja babu mmoja pamoja na mama aliyemzaa babu huyo, watu wote huitikia “Eee,” na ndipo mwenye kuoa hurudia. Anayerudia ndiye anayebeba jina. Likishatoka kinywani mwake mbele ya pande mbili, hilo ndilo neno, haliongezwi wala halipunguzwi. Upande wa Furaha ungefuata baadaye, kwa njia hiyo hiyo.

Mvua ilipiga juu ya majani ya paa. Papa Kyanga alianza na baba yangu na tumbo lililomzaa. Eee. Nikarudia. Akaja babu yangu Itongwa, wa tumbo la Nyange. Eee. Nikarudia. Akapanda juu tena, na tena, sauti yake ikawa ngumu na nzuri. Kisha akasema:

“Na mbele ya huyo, Lukuku.”

Akanyamaza.

“Eee!” wakaitikia wote.

Nilisubiri. Kila babu alikuwa amekuja na mama yake. Lukuku alisimama peke yake, kama vile aliota kwenye shina la mgomba. Hapa pana tundu! Nililiona waziwazi kuliko nilivyowahi kuona chochote katika vitabu vya Padri, na, Mungu anisamehe, jambo la kwanza nililosikia moyoni lilikuwa furaha ya mwindaji. Hofu ilikuja baadaye.

“Papa,” nikasema, “Lukuku…”

Nyumba nzima ilinigeukia. Papa Kyanga alinitazama bila kupepesa, na macho yake hayakuwa na hasira. Yalikuwa yanaomba. Sikuwahi kumwona mtu mzima wa kwetu akimwomba kijana kitu mbele za watu. Nikamtazama Tonton Wilondja, maana yeye ndiye aliyekuwa na haki, tena wajibu, wa kuuliza. Tonton alikuwa ameinamisha kofia, anaangalia vidole vya miguu yake.

Nilikuwa na swali moja kinywani, na upande wa pili wa swali hilo alikuwa Furaha. Kila nilichofundishwa kilinisukuma kuuliza. Niliumia, nasema kweli. Kufunga mdomo wakati ule kuliniuma kama kumeza jiwe.

“Lukuku,” nikarudia, na sikuongeza kitu.

“Eee!” Aliyeitika kwanza, kabla sijafunga kinywa, alikuwa Tonton.

Mchana, wengine wakiwa kwenye pombe ya ndizi, Papa Kyanga alinichukua mpaka nyuma ya nyumba, kwenye rundo la kuni. Alitazama huku na huku.

“Alikuwa anaitwa Wabiwa,” alisema kwa sauti ya chini. “Alizaa Lukuku hapa kwetu. Bwana yake akakufa, akaenda kule kwa bale ba Wilondja, ukoo ya muchumba yako, akaolewa, akazaa kule vilevile. Tumbo moja.”

“Basi sisi na Furaha…”

“Basi nini? Nani alitaja? Mimi sikutaja. Wewe hukutaja. Kesho banahesabu ya kwabo.” Akakohoa mpaka machozi. “Ile siku nilisikia unataka ule mutoto, nililala macho wazi. Nikasema, mudogo yangu alikufa, aliniachia huyu mumoja tu, nitamunyima bibi juu ya mumama hata baba yangu hakumuona? Lakini kama ungeuliza, ningejibu. Kule ndani ya lusu mutu hawezi kudanganya. Kunyamaza tu njo kitu tunaruhusiwa.”

Sikujua kama nimshukuru au nikimbie. Nilimshika mkono, ule wenye vidole visivyokunjika, tukarudi kwenye pombe.

Siku ya kufuata upande wa Furaha ulihesabiwa na mzee wao. Alipofika juu, babu mmoja alitajwa bila mama, nikajua huyo ndiye mwana mwingine wa Wabiwa. “Eee!” wote wakasema. Nami niliitika, kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika.

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda. Tonton alilala juu ya madumu ya mawese akikoroma. Nilimtazama nikajiona mwizi. Je, alijua, au tumemdanganya? Nilitaka kumwamsha nimwambie. Kisha nilitaka afike Bukavu bila kuamka kamwe. Pale kwenye kizuizi cha mvua, mlinzi aliniuliza kama muchumba amepatikana, nikasema ndiyo, akashangaa kuona sura yangu.

Bukavu tuliingia jioni, ziwa likiwa kijivu. Kesho yake nilikwenda Nyalukemba. Padri Anselmi alifurahi kuniona, akaninywesha kahawa, akanisomea ukurasa aliouandika nilipokuwa safarini: kuhusu Yoramu na Ahazi, kosa la mnakili.

“Padri,” nikasema, “labda mnakili hakusinzia. Labda palikuwa na mtu aliye hai ambaye jina lile lingemdhuru.”

Aliweka kalamu chini. Ndilo nililompendea: alisikiliza. “Inawezekana sana. Lakini preuve iko wapi, mwanangu?”

Ushahidi ulikuwa umekaa mbele yake, unakunywa kahawa yake. Nilisema sina. Akaitikia kwa masikitiko, akauacha ukurasa kama ulivyo. Nilikuwa nimeamini siku zote kwamba tundu katika majina ya kale ni mahali ambapo watu walisahau. Safari ilinifundisha kwamba pengine ni mahali walipokumbuka kuliko kwingine kote, na kwamba msomi anaweza kulijua jambo na asiwe na ruhusa ya kuliandika.

Lakini Furaha nisingeweza kumficha. Nilimkuta kwenye cherehani yake, mlangoni. Hakuinuka kunilaki. Uso wake ulikuwa umekonda.

“Balihesabu?” akauliza.

“Walihesabu. Njia iko wazi.”

“Na Wabiwa? Balimutaja?”

Nilikaa chini pale pale, juu ya vipande vya kitambaa. “Nani alikuambia wewe habari ya Wabiwa?”

“Tonton. Mbele ya kuondoka. Alisema, huyu wako anapenda kuuliza sana, ujitayarishe kulia.” Akasukuma kitambaa pembeni. “Nijibu! Balimutaja?”

“Hapana. Hakuna aliyemtaja.”

“Hata wewe?”

“Hata mimi.”

Ndipo alipolia, ameinamia cherehani, na mimi sikujua niweke wapi mikono yangu. Alipomaliza akajifuta uso kwa gauni la mteja.

“Maskini ule mumama,” alisema. “Alizaa batu yote hii, na leo tumemukataa juu ya kuoana. Mutoto wetu ya kwanza, kama iko mwanamuke, ataitwa Wabiwa.”

“Furaha! Wazee watauliza jina hilo tumelitoa wapi.”

Akaniangalia, macho bado mekundu, akaanza kucheka.

“Wewe haiko mutu ya Biblia? Tutasema iko mama ya Ahazi.”